Mgonjwa wa Figo Naye Aulizwe Usingizi

Msomaji, wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Lakini lipo jambo moja ambalo mgonjwa hana budi kuulizwa, tena kwa kituo, nalo ni usingizi. Namkusudia hasa mgonjwa wa figo, yule anayesafishwa damu kwa mashine.

Pengine nawe unaye wako. Wangu mimi ni khalati yangu, mkazi wa Kibokoni, huku Mji wa Kale, katika nyumba ya zamani yenye ngazi zilizosimama kama mnazi. Huu ni mwaka wake wa tatu kwenye mashine: mara mbili kwa wiki, muda wa saa nne kila mara. Katika nchi nyingi kawaida ni mara tatu, lakini hapa kwetu mbili ndizo zilizolipiwa na NHIF kabla ya nafasi yake kuchukuliwa na SHA Oktoba 2024, na watu wakazizoea hizo.

Nimemsindikiza mara nyingi, na utaratibu naujua kwa moyo. Hupimwa uzani, hupimwa presha, huulizwa amekunywa maji kiasi gani. Katika kituo anachokwenda, ambacho sikitaji jina, sijapata kusikia akiulizwa, "Bi mkubwa, umelalaje?" Naye hakusema. Nilipomdadisi alinijibu, "Kwani hilo nalo ni la kumpelekea daktari, mwanangu? Si uzee tu?"

Hebu nikueleze usiku wake ulivyokuwa. Akilala tu, miguu huanza: kama sisimizi wanaotembea ndani ya mifupa, asitulie mpaka ainuke atembee. Akitembea, hupoa. Akirudi kitandani, sisimizi hao! Basi huwa ni safari ya chumbani na roshani, roshani na chumbani, mpaka muadhini wa alfajiri. Juu ya hayo mgongo humwasha. Mchana wake, akishaunganishwa na mashine, hulala fofofo, na kila mtu hufurahi kwamba leo amepumzika. Kumbe usingizi ule wa mchana ndio unaoula ule wa usiku.

Mwaka jana mambo yalichacha. Alichoka hata akakataa kwenda kwenye mashine mara mbili mfululizo. Unajua maana yake? Maji hujaa mwilini mpaka mapafuni, na potasiamu ikipanda moyo waweza kusimama. Kisha nikagundua vidonge amevifunga kwenye pindo la leso. Jirani alimpa, eti vya kulalia. Usiku mmoja alivimeza, akainuka kwa ajili ya miguu ile ile, akayumba kwenye kichwa cha ngazi. Kilichomwokoa ni kamba ya kushikia.

Hapo ndipo nilipotafuta maswali ambayo waganga hutumia kupima ukosefu wa usingizi. Yako saba, na kila moja lina alama 0 hadi 4. Katika wiki mbili zilizopita, je, ni taabu kuushika usingizi? Unakatika? Unaamka mapema mno? Umeridhika nao? Watu wanaona unavyokuathiri? Unakutia wasiwasi? Unaharibu shughuli zako za mchana? Jumla ni 28. Kuanzia 15 ni tatizo la kutibiwa. Khalati alicheka kwa lile la tano: "Nani aone, na wote mmelala?" Alipata 19.

Maswali hayo hayatibu, wala hayasemi sababu. Kazi yake ni kumfanya daktari aulize zaidi, na aliuliza. Vile vidonge vya jirani vilikuwa vya mzio, vya aina inayoleta usingizi, na dawa za aina hiyo huweza kuzidisha miguu isiyotulia. Vikatupwa. Akapimwa akiba ya madini ya chuma, kwani ikipungua nayo huchochea miguu hiyo. Fosfeti pia iliangaliwa kwa sababu ya kuwashwa. Akaulizwa kama hukoroma na kukatika pumzi, na kama ana huzuni.

Usidhani baada ya hapo pana kidonge cha ajabu. Marekani, katika miji ya Seattle na Albuquerque, wagonjwa 126 wa mashine waliokosa usingizi waligawanywa makundi matatu: wa kwanza mafunzo ya usingizi kwa njia ya video, wa pili dawa iitwayo trazodone, wa tatu kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalitolewa 2024. Makundi hayakupishana kwa lolote la maana, na waliopewa trazodone ndio waliopatwa zaidi na madhara makubwa, hasa ya moyo. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sababu ya kuanza na miguu, ngozi, pumzi na mawazo ya mgonjwa kabla ya kukimbilia duka la dawa.

Sasa siku za mashine mimi au binti yake hukaa naye tukampigisha soga, asilale saa zote nne. Juma lililopita tulihesabu tena akapata 13. Miguu imetulia kiasi, mgongo bado. Kilichobaki ni kikombe cha kahawa chungu baada ya Isha. Maji yake tumeshayaingiza katika hesabu ya siku, lakini kukiacha chenyewe amekataa katakata, na kila jioni tunabishana.