Jina la Bugenvilia

Atembeaye Bukavu, katika njia zipandazo kutoka Ziwa Kivu, huona juu ya kuta nyingi mmea wenye miiba, uliojaa rangi ya zambarau na nyekundu. Ndio bugenvilia. Siku moja tulipita hapo pamoja na wanafunzi wetu, mmoja akatuuliza: «Mwalimu, jina hilo maana yake nini?» Tukamjibu upesi kwamba ni jina la Mfaransa mmoja, tukaendelea na safari. Jibu lilikuwa la kweli, lakini halikutosha, na tangu siku ile linatusumbua.

Mmea huu kwao ni Amerika ya Kusini. Mwezi wa Juni 1767 merikebu mbili za mfalme wa Ufaransa, Boudeuse na Étoile, zilikutana katika bandari ya Rio de Janeiro, nchini Brazili, iliyotawaliwa wakati ule na Wareno. Mkuu wa safari, Louis-Antoine de Bougainville, alikuwa ametumwa kuizunguka dunia. Katika Étoile alikuwamo Philibert Commerson, mganga na mtaalamu wa mimea, naye ndiye aliyeupa mmea wa Rio jina la mkuu wake. Mwaka 1789 Antoine-Laurent de Jussieu akalichapa jina hilo kitabuni.

Basi, Commerson alikuwa na mtumishi aliyemfuata kila mahali. Katika milima yenye theluji ya Mlango wa Magellan alichukua vyakula, silaha na madaftari ya mimea, hata bwana wake akamwita mnyama wake wa mizigo. Sifa ya namna gani hiyo! Mwezi wa Aprili 1768, huko Tahiti, ikajulikana kwamba mtumishi huyo ni mwanamke: Jeanne Baret, aliyevaa nguo za kiume kwa kuwa sheria ya mfalme ilikataza wanawake merikebuni. Commerson alifariki mwaka 1773 katika kisiwa cha Morisi. Baret akarudi Ufaransa, mwanamke wa kwanza ajulikanaye kuizunguka dunia. Mwaka 1785 serikali ilimpa posho ya kila mwaka. Mmea ambao Commerson aliuita kwa jina lake ulipewa baadaye jina jingine, na mpaka mwaka 2012 ndipo wataalamu walipouita mmea mwingine, wa jamaa ya mnyanya na kiazi, *Solanum baretiae*.

Tena yafaa kuutazama mmea wenyewe kwa karibu. Zile rangi tunazozisifu si maua, bali ni majani matatu membamba kama karatasi. Ua lenyewe ni dogo, jeupe, limejificha katikati.

Wabrazili wengi hawalijali jina la Mfaransa. Wao huuita *três-marias*, yaani Maria watatu.

Yule mwanafunzi amekwisha kumaliza shule. Huenda atausoma ukurasa huu.