Nawahi Ndege



Ijumaa usiku nilikuwa kwenye simu na mama, yeye Unguja, mimi hapa Kijenge, na nikamwambia bila ya kufikiri, "Mama, naenda kulala, kesho asubuhi nawahi ndege." Kimya. Halafu nikamsikia: "Alhamdulillahi! Nani aje akupokee uwanjani?"

Ilibidi nimweleze kuwa ni ndege hawa wenye mabawa. Akacheka, lakini mnajua kicheko cha mtu aliyekwisha furahi. Nina miaka kumi na moja Arusha. Mama macho yake siku hizi hayaoni vizuri, na kila tukizungumza huniuliza nakuja lini, nami humjibu, "Karibuni, inshaallah."

Kwa hivyo asubuhi ile ya Machi sikuondoka na moyo mweupe. Baada ya swala ya alfajiri tuliwapeleka watoto kwa jirani, mimi na mume wangu tukashika barabara ya Moshi mpaka Usa River, tukakata kushoto kwenda Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Mlima Meru ulikuwa wazi wote, jambo la kushukuru msimu huu wa kungojea masika. Tukapita uwanda wanaouita Serengeti Ndogo, pundamilia na nyati wanakula tu, hatukusimama. Safari yetu ilikuwa maziwa ya Momella.

Watu wengi huja Momella kwa ajili ya heroe, na kweli wanapendeza. Mimi nilitaka ukingoni, kwenye tope na majani, pale ambapo maji ya magadi yanakutana na nchi kavu. Hapo ndipo wanapokula vitwitwi.

Kwa wanaoniuliza kuhusu picha: kamera yangu ni ya mtumba, wala sina mguu wa kuisimamishia. Nimeshona mfuko kwa kipande cha kanga kuukuu nikaujaza mchele, nauweka juu ya dirisha la gari, lenzi inalala hapo. Gari lizimwe, maana likinguruma picha yote inatikisika. Halafu ni kungoja. Mume wangu alisinzia.

Kitwitwi mdogo ana gramu 20 na kitu tu, utamfunika kwa kiganja. Hakuzaliwa hapa. Huzaliwa kaskazini kabisa mwa dunia, kuanzia Skandinavia hadi Siberia, na baridi ya huko ikianza hushuka kwetu. Mwezi Machi unamkuta anakula kama anayefukuzwa, anadona tope haraka haraka, kwa sababu lazima ajaze mafuta mwilini kabla ya kurudi. Wengine walikwisha anza kuvaa ile rangi ya kutu mgongoni, nguo ya kwendea kwao. Juu yao mbayuwayu walikuwa wanapita na kurudi wakikamata wadudu, nao ni wasafiri. Mwaka 1911 Mwingereza mmoja, John Masefield, alimvisha mbayuwayu pete mguuni huko Staffordshire. Desemba 1912 ndege yule akapatikana Natal, Afrika Kusini. Pete ndogo tu, na watu wakajua anakoenda.

Nikiwatazama nilikuwa nafikiria majahazi. Sisi tuliolelewa Unguja hatuna haja ya kufundishwa kalenda hii. Kaskazi ikivuma, vyombo vya Uarabuni vinateremka. Kusi ikishika, vinarudi, na asiyerudi na kusi atangoje mwaka mwingine. (Kulikuwa na manahodha wenye wake pande zote mbili, lakini hayo leo tuyaache.) Ndege hawa huja na kuondoka karibu majira yale yale.

Nilipiga picha zaidi ya mia mbili. Nzuri ni tatu.

Jioni nikamtumia mama iliyo bora. Mtoto wa dada yangu akamshikia simu karibu na uso, lakini haikusaidia, ndege ni mdogo mno. Ikabidi nimsimulie.

"Mkubwa kama nini?"

"Kama shomoro, mama. Miguu tu mirefu kidogo."

"Na huko kwao kote anafika?"

"Anafika, kwa rehema za Mungu."

"Akenda hukaa muda gani?"

"Miezi miwili, mitatu. Analea, kisha anarudi huku."

Akanyamaza. Nikadhani simu imekatika.

"Miezi miwili, mitatu," akasema. "Si haba."

Hakuniuliza nakuja lini. Ni mara ya kwanza kwa muda mrefu, na usiku ule sikulala vizuri.

Jumatatu niliandika barua kazini. Nina likizo ya siku 28 ambayo sijaigusa. Mume wangu ameshauliza nauli ya basi la Dar es Salaam, tiketi ya boti nitakata bandarini. Kamera naichukua. Mchele nitautia hukohuko.