Nimeona, Lakini Sijui

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Mimi niliuficha ukweli wangu katika maabara, nao ukaniaibisha mchana kweupe.

Siku hiyo tulikuwa tukichemsha maji. Maji yalitokota, zebaki ikapanda hadi 93, kisha ng'o! Haikusogea tena. Nikachungulia daftari la jirani yangu. Ameandika 100, kama kitabu kisemavyo. Wa upande wa pili naye, 100.

"Kipimajoto chako kimelewa, bwana!" jirani akanicheka.

Nami, ndugu msomaji, nikafuta 93 nikaandika 100.

Wikendi ile nikasoma kisa cha wanamaji wa Marekani. Tarehe 14 Novemba 2004, rubani David Fravor aliruka kutoka manowari ya USS Nimitz, katika Bahari ya Pasifiki, kusini mwa California. Kwa siku kadhaa rada za meli nyingine, USS Princeton, zilikuwa zimenasa vitu visivyojulikana. Yeye na wenzake watatu, katika ndege mbili, wakaona kitu cheupe mfano wa kidonge, urefu wake yapata mita 12. Hakina mabawa wala moshi. Alipokikaribia, kufumba na kufumbua, kimetoweka!

Waliporudi melini walipokewa kwa vicheko. Wakawekewa hadi filamu za viumbe wa sayari nyingine. Hata hivyo, Fravor hakubadili maneno. Hakusema ni majini, wala hakusema ni ndege ya adui. Alisema amekiona, ila hajui ni nini.

Mwaka 2019 jeshi lao la majini lilitoa mwongozo mpya ili marubani waripoti bila kuona haya. Ripoti ya serikali ya Juni 2021 ilihesabu visa 144. Kimoja tu ndicho kilichotambuliwa kwa uhakika: puto kubwa lililokuwa likiishiwa na hewa!

Jumatatu Mwalimu akaingia na madaftari yetu.

"Nani aliiona 100 kwa macho yake?"

Kimya! Kumbe shule yetu iko nyanda za juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Huku hewa ni nyepesi, hivyo maji huchemka kabla ya kufika 100. Kipimajoto changu hakikuwa kimelewa hata kidogo. Darasa zima tulipata sufuri, nami nilikuwa na jibu mkononi.

Ewe mwanafunzi mwenzangu, andika ulichokiona. Usipokielewa, sema hukielewi. Wacha wacheke.