Kilambe Kwanza

Wakilipua baruti kwenye machimbo huku Wazo, vioo vya dirisha langu hutetema na mke wangu hutania: "Baba, mawe yako yanakuita." Nimestaafu, lakini chokaa hiyo wanayosaga kuwa saruji ni matumbawe ya kale. Kazi imenifuata nyumbani.

Utoto wangu ni mfupi kuusimulia. Lindi, madrasa, shule, kifo cha baba, kisha Temeke kwa mjomba na kibarua cha kufagia makumbusho. Ufagio ndio ulionifikisha kwenye meza ya Mzee, fundi wa mifupa ya kale.

Siku ya kwanza alinipa kijipande cheusi. "Kilambe." Mfupa wa kale una vitundu vidogo, hunata ulimini, jiwe la kawaida halinati. Nililamba hadi adhuhuri, kinywa kimejaa vumbi, yeye anacheka chinichini.

Kisha ukaja ule mfupa wa mguu wa dinosaria, kutoka Tendaguru. Ulikuwa makasha matatu ya kokoto. Tuliunga kwa gundi iliyoyeyushwa kwa asetoni, ili tukikosea tufungue. Kipande kilichopakwa gundi tulikisimika kwenye karai la mchanga, uzito wake wenyewe ubane mshono, tukakiacha hadi kesho. Ukikishikilia kwa mkono, utatetemeka tu.

Katikati likabaki pengo la shibiri moja. Tulijaza plasta, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mzee alitaka rangi iliyofifia kidogo: mtu akiwa mbali asiione, akiinama aione. Mkubwa wetu alitaka mfupa "mzima". Mzee alikataa, nikaitwa mimi. Nilikuwa nangoja kupandishwa cheo. Nikaipaka, na niliipaka vizuri mno.

Miaka baadaye akaja mtafiti na kalipa yake, akapima plasta yangu, akaandika vipimo. Mzee alinitazama tu. Sikufungua mdomo.

Wanaonitetea hunitajia lile jitu la Berlin, dinosaria wa Tendaguru, lenye kimo cha zaidi ya mita 13, lililosimamishwa mwaka 1937 kwa mifupa ya wanyama kadhaa na plasta. Sawa, lakini Janensch, mtaalamu aliyeisimamia kazi hiyo, aliandika kipi ni kipi! Nyie vijana mnaochapa mifupa kwa mashine, mnaandika? Kati ya 1909 na 1913 wazee wetu walibeba zaidi ya tani 200 za mifupa kwa vichwa na mabega kutoka Tendaguru hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wao, Boheti bin Amrani, alisubiri hadi 2007 ndipo dinosaria mmoja akapewa jina lake. Anayejua maana ya kutoandikwa hafichi plasta.

Mzee alifariki kabla sijamwomba radhi. Wiki yangu ya mwisho kazini nilichukua pamba na asetoni, nikafuta rangi yangu yote. Kesho yake mtembeza wageni akauliza kama ule ni ukungu.

Nasikia wameshaipaka tena.