Nani Alisafiri Peke Yake? Kumbukumbu za Siku Mbili Taveta

Wahenga walinena kwamba tembea uone, wala hawakutaja idadi ya watu wa kutembea nao. Katika zama zetu imezuka tamaa miongoni mwa vijana wasomi ya kuzuru miji mikongwe ya ng'ambo peke yao. Msafiri hujitwika begi mgongoni, akazurura katika vichochoro vya Roma, Venezia au Napoli bila mwenzi wala mwenyeji, kisha akarejea na kusimulia jinsi alivyoijua nafsi yake. Nami, mpenzi msomaji, nimeitamani sana Napoli. Katika mji huo, Chuo Kikuu cha L'Orientale kimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, na ndiko alikofundisha Elena Bertoncini Zúbková, mwandishi wa Outline of Swahili Literature (1989), kitabu ambacho wengi wetu tumekitegemea. Nauli ya Napoli sikuwa nayo. Niliyokuwa nayo ilitosha kunifikisha Taveta, nami sikuona unyonge kuitumia.

Mambo mawili yalinipeleka. La kwanza, tasnifu yangu ya uzamili inahusu masimulizi ya safari, na Taveta ni mahali palipopitiwa na wasafiri wengi walioandika vitabu. La pili ni la nyumbani. Baba yake babu, mzaa mama, alitolewa Mwatate kwenda kulibebea jeshi mizigo katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na hakurudi. Kwetu husemwa tu kwamba “alikwenda Kariakoo”. Mtoto akiuliza ni Kariakoo gani, huambiwa anyamaze ale.

Kutoka Voi hadi Taveta ni takriban kilomita 110. Matatu yetu ilipita Mwatate, Bura na Maktau, kisha ikaikata nyika ya Tsavo Magharibi. Upande huo huo imelazwa reli ambayo jeshi la Waingereza lilianza kuijenga kutoka Voi mwaka 1915, ili kuwafikishia askari wake maji, chakula na risasi. Wajerumani walikuwa wameiteka Taveta tangu Agosti 1914. Kando yangu aliketi mama mmoja wa makamo aliyekuwa akienda sokoni, kwani ilikuwa Jumatano, na Jumatano na Jumamosi ndizo siku za soko kubwa la Taveta.

“Mwanangu, umefuatana na nani?” aliniuliza.

“Niko peke yangu, mama.”

“Utakuwaje peke yako na gari limejaa hivi?” alisema, na kabla sijapata jibu alikuwa ameniwekea kikapu chake magotini nimshikie.

Ni yeye aliyenionyesha kilima cha Salaita. Ukikitazama kutoka barabarani hukidhanii makuu. Hata hivyo, tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini waliokuwa wageni katika nchi hii walikishambulia na kurudishwa nyuma, na zaidi ya 130 kati yao wakauawa, wakajeruhiwa au wakapotea. Mwezi uliofuata, tarehe 11 na 12 Machi, vikapiganwa vita vya Latema na Reata, vilima viwili vinavyolinda njia ya kuelekea Moshi, na Wajerumani wakaanza kurudi nyuma. Mama yule hakuzijua tarehe hizo. Alichonieleza ni kwamba wazee wa zamani walikuwa wakisema mizigo ya vita vile ilikuwa mizito kuliko vita vyenyewe. Kauli hiyo niliiandika katika daftari langu kabla ya kuandika jambo jingine lolote.

Soko la Taveta ni darasa la isimujamii lisilotoza karo. Ndizi, vitunguu, nyanya na maharagwe yamepangwa chini kwa marundo, na wachuuzi wengine wamevuka mpaka kutoka Holili upande wa Tanzania. Utakisikia Kiswahili kikisemwa kwa lafudhi ya Kitaveta, ya Kitaita, ya Kipare, ya Kichaga na ya Kikamba, na hakuna anayemsahihisha mwenziwe. Waama, hali hii haikuanza jana. Katika karne ya kumi na tisa, msitu wa Mto Lumi ulikuwa ngome ya Wataveta na pumziko la misafara. Waliotoka Mombasa na Pangani walituama hapa, wakanunua chakula na kuponya miguu kabla ya kuingia nchi ya Wamaasai. Mji wenyewe ni mkongwe kwa maandishi pia: wamisionari wa CMS walichapisha hapa gazeti lao, Taveta Chronicle, kuanzia mwaka 1895.

Miongoni mwa waliotua Taveta ni Joseph Thomson, Mskoti aliyefika mwaka 1883. Vitabu humtaja kama mtu aliyeivuka nchi ya Wamaasai, kana kwamba alikwenda yeye na kivuli chake. Aghalabu husahauliwa kwamba alipojaribu mara ya kwanza alilazimika kurudi, na kwamba aliingia kwa usalama baada ya kuungana na msafara wa Jumba Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyeijua njia. Fauka ya hayo, shanga, nyaya na nguo za kulipia njia zilikwenda juu ya vichwa na mabega ya wapagazi zaidi ya 100.

Siku ya pili nilikwenda Ziwa Chala. Kijana wa bodaboda aliyenipeleka alikataa kuniacha ukingoni. “Dada, nitakungoja,” alisema, “hapa mtu haachwi peke yake.” Chala ni ziwa lililojaa ndani ya kreta ya volkano, nusu lake Kenya na nusu Tanzania, na maji yake hulishwa chini kwa chini kutoka Kilimanjaro. Kingo zake ni za mteremko mkali, na ukisimama juu utaona maji yamekaa chini kabisa kama yaliyofichwa.

Mahali hapo nilimkumbuka May French-Sheldon. Mwanamke huyu Mmarekani alisafiri hadi Kilimanjaro mwaka 1891 bila mume wala mzungu mwingine wa kumwongoza, akalifikia Ziwa Chala na kulizunguka kwa chombo. Mwaka uliofuata alichapisha Sultan to Sultan, na akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza kukubaliwa katika Royal Geographical Society ya London. Ushujaa wake siudharau. Mimi mwenyewe ni mwanamke niliyeulizwa mara nne kwa siku mbili nimefuatana na nani, na ninajua swali hilo lina uzito gani. Lakini French-Sheldon naye alikuwa na wapagazi zaidi ya 100, wengi wao kutoka Zanzibar na pwani. Hao ndio waliompa lakabu ya Bibi Bwana.

Itazameni lakabu hiyo, enyi wenzangu wa fasihi. Ni maneno mawili tu, nayo yanaeleza tatizo zima: ni mwanamke, naye anaamuru kama bwana, basi aitweje? Ndani yake mna heshima, mna mshangao, na kama sikosei mna kicheko kidogo. French-Sheldon aliandika kitabu kizima kuhusu wapagazi wake na safari yake. Wapagazi hawakuandika kitabu, ila kauli yao hiyo moja imesalia ndani ya kitabu chake, kwa lugha yao wenyewe. Tukizoea kuwasoma wasafiri wa kizungu kwa jicho hilo, tutaokota mengi ya namna hiyo.

Karibu na mji, juu ya kilima cha Girigan, lipo jumba alilojenga Ewart Grogan katika miaka ya 1930. Grogan ndiye aliyepata umaarufu kwa kutembea kutoka kusini mwa Afrika hadi Cairo, safari aliyoikamilisha mwaka 1900. Naye husifiwa kwa upweke wake. Jumba lake linatazama mashamba na nyika pande zote, na jina lake linajulikana na kila mwenye bodaboda. Niliuliza majina ya waliomchukulia mizigo. Hakuna aliyeweza kunitajia hata moja.

Nilimalizia ziara yangu katika makaburi ya kijeshi. Mawe yamepangwa safu kwa safu, na kila jiwe lina jina, cheo na tarehe. Nilipita safu zote polepole nikisoma, maana aliyelala ugenini anastahili kusomwa jina lake. Jiwe la mpagazi kutoka Mwatate sikuliona. Sababu yake inajulikana. Takwimu rasmi za Waingereza zilikiri kwamba wapagazi zaidi ya 40,000 walifariki katika vita vya Afrika Mashariki, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, na wanahistoria wengi wanaamini idadi halisi ni kubwa zaidi. Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Mahali pa mawe hayo, lugha ndiyo iliyoshika kumbukumbu. Kikosi cha wapagazi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps; Waswahili wakalitia jina hilo kinywani likatoka Kariakoo. Leo ni soko na mtaa Dar es Salaam, na kwa tahajia ya Kariakor ni mtaa Nairobi. Maelfu huamka kila asubuhi kwenda kununua na kuuza ndani ya jina la jeshi lisilo na makaburi. Kwa mtaalamu wa isimu huo ni mfano mzuri wa utohozi. Kwa mama yangu ni habari ya msiba.

Basi tufanyeje, sisi tunaojiita wana wa Kiswahili? Mfano tunao. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, na humo Selim bin Abakari anasimulia safari yake ya Urusi na Siberia alikokwenda na bwana wake Mjerumani. Mtumishi alishika kalamu, na kwa hiyo leo tunazo safari mbili: ya bwana na ya aliyefuatana naye. Masimulizi ya aina hiyo ni machache, ila hayajakwisha. Yamo vijijini, kwa wajukuu wa wapagazi, na wajukuu wenyewe sasa ni wazee.

Mimi nimeanza na mjomba wangu, aliyerithi jina la mzee yule wa Mwatate. Amenieleza kwamba siku alipochukuliwa, jembe lake lilibaki limeegemezwa ukutani, na mkewe akakataa mtu yeyote asiliguse hadi mvua za vuli zilipomlazimu kulishika mwenyewe. Habari hiyo haimo katika kitabu chochote cha safari. Sasa imo katika kinasa sauti changu, pamoja na jina kamili la mzee. Nawaomba wenzangu wa Taita, wa Ukambani, wa Nyanza na wa pwani, mtakapokwenda likizo, mwaulize wazee wenu ni nani katika ukoo alikwenda Kariakoo, alitoka boma gani, na aliitwa nani. Mwandike majibu kwa Kiswahili mlichokisikia, na jina litangulie.