Bahari Sebuleni na Hesabu ya Umeme

Msomi yeyote wa ushairi wa Kiswahili ameizoea bahari. Huikuta katika tungo ikiwa jazanda ya mapenzi, ya vita, ya safari ya roho, na hata ya siasa za Mvita na Lamu. Chombo huenda joshi, dau huzama, wimbi huvunjika, na mhakiki huandika kurasa ishirini akifafanua wimbi hilo linasimamia nini. Ni nadra kumsikia akiuliza wimbi lenyewe linafanya kazi gani. Swali hilo lilinijia, mpenzi msomaji, katika nyumba moja ambamo wimbi lilikuwa likinunuliwa kwa peni 34 za Uingereza kwa kila uniti ya umeme.

Mwishoni mwa mwaka 2022 nilipata ufadhili mdogo wa kwenda London kwa muda wa wiki kumi kusoma miswada ya Kiswahili iliyohifadhiwa katika maktaba ya SOAS, hususan makaratasi ya William Taylor, yule mmishenari aliyekusanya tungo za Muyaka bin Haji mjini Mombasa katika karne ya 19 kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua. Tasnifu yenyewe bado inanikalia shingoni, nayo si mada ya makala haya. Mada ni nyumba niliyofikia, mashariki mwa jiji hilo, kwa mjomba wangu aliyeondoka Mombasa akiwa baharia katika miaka ya 1980 na asirudi tena ila kwa matembezi.

Sebuleni mwa Mjomba mlikuwa na hodhi la kioo la lita 400 za maji ya chumvi. Ndani yake mliishi matumbawe hai ya rangi ya zambarau, kijani na waridi, vitatange wawili, na kundi la samaki wadogo ambao majina yao ya Kiswahili Mjomba alikuwa amewabunia mwenyewe. Matumbawe hayo hayakuchimbwa pwani kwetu. Matumbawe magumu yote yameorodheshwa katika mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na Mjomba alikuwa mtu wa kufuata sheria mno. Alinunua vipande vilivyokatwa na kukuzwa majumbani na wafugaji wenzake, ambao Uingereza wako wengi, akavibandika mawe kimoja kimoja na kungoja miaka.

Alianza kazi hiyo mwaka 2001, na sababu yake alinieleza usiku wa pili wa kufika kwangu. Alipokuwa mtoto, wao na wenziwe walikuwa wakienda mwambani wakati wa bamvua, maji yanapokupwa kabisa, na kutazama vidimbwi vilivyojaa rangi. Mwaka 1998 bahari ya Hindi ikapata joto la ziada kwa sababu ya El Nino, na sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya yakapauka na kufa. Mjomba aliporudi kwa matembezi mwaka uliofuata alikuta mwamba wa utotoni mwake umevaa ukungu wa mwani, rangi ya majivu. “Nikasema, basi, kipande kidogo nitakiweka mahali ambapo mimi ndimi mwenye kushika joto,” alisema.

Kushika joto, hata hivyo, ni kazi ya umeme. Na joto ni moja tu kati ya kazi za bahari ambazo Mjomba alilazimika kuziajiri.

Tumbawe hufanana na jiwe au mmea, ilhali ni jamii ya wanyama wadogo walioshikamana. Ndani ya nyama yao huishi mwani usioonekana kwa macho, ambao hutengeneza chakula kwa nguvu ya mwanga na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya jua. Hapo zamani Mjomba alikuwa na taa mbili kubwa za wati 250 kila moja. Baadaye akahamia taa za LED za jumla ya wati 200, zikiwaka saa kumi kwa siku. Hizo ni uniti mbili. Kazi ya pili ni ya mkondo. Tumbawe limekaa pale pale maisha yake yote, haliwezi kufuata chakula wala kukimbia uchafu wake, basi lazima maji yalijie na kuliondokea. Pampu mbili ndogo za wati 20 kila moja zilisukuma maji usiku na mchana, huku na huku, mfano wa maji yanayojaa na kupwa, na pampu ya tatu ya wati 50 ikayapandisha maji kutoka chumba cha usafi kilichofichwa chini ya meza. Jumla, zaidi kidogo ya uniti mbili.

Kisha kuna povu. Hili ndilo lililonistaajabisha zaidi. Sote tuliokulia pwani tumeliona povu linalosukumwa ufuoni upepo wa kusi unapovuma, na kwa yakini sikuwahi kudhani kwamba lina faida. Kumbe viputo vidogo vya hewa hunasa mabaki ya viumbe yaliyoyeyuka majini na kuyapandisha juu, na bahari hujisafisha kwa njia hiyo. Mjomba alikuwa na chombo cha wati 30 kilichotengeneza povu hilo mchana kutwa na usiku kucha; kikombe chake cha juu kilijaa maji ya kahawia yanayonuka kama soko la samaki saa nane mchana. Uniti 0.7 kwa siku.

Mwisho ni joto lenyewe. Hita ya wati 300 ilikuwa ikiwaka takriban nusu ya siku katika baridi ya Novemba ili maji yabaki kwenye nyuzi 25. Uniti 3.6, kubwa kuliko zote.

Nilizijumlisha namba hizi usiku ule ule, kwa kuwa ni mtu wa kujumlisha. Hodhi lilikula uniti 8.5 kwa siku, yaani 255 kwa mwezi. Wakati huo Ofgem, taasisi inayosimamia nishati nchini humo, ilikadiria kwamba nyumba ya kawaida hutumia uniti 2,900 za umeme kwa mwaka, ambazo ni kama 242 kwa mwezi. Kwa maneno mengine, Mjomba alikuwa akilisha nyumba mbili. Chumba changu cha kupanga jijini Nairobi hakivuki uniti 30 kwa mwezi, kiwango ambacho katika mpango wa bei ulioanza Aprili 2023 ndicho mpaka wa wateja wa tabaka la chini kabisa. Hodhi lingekifikia kwa siku tatu na nusu.

Mambo haya yote yalikuwa yakivumilika mpaka bei ilipopanda. Katika majira ya baridi ya 2021 uniti moja iliuzwa kama peni 21. Aprili 2022, baada ya bei ya gesi kuzidi kuchacha, ikawa peni 28. Oktoba ikawa 34, na hiyo ni baada ya serikali kuingilia kati na kuizuia isipande zaidi. Bili ya hodhi peke yake ikatoka paundi 53 kwa mwezi ikafika 86 na ushei, ambazo kwa viwango vya wakati huo zilikuwa kati ya shilingi 12,000 na 13,000 za Kenya. Serikali ilizipa nyumba zote msaada wa paundi 400 zilizogawanywa kwa miezi sita, paundi 66 mwezi wa kwanza na wa pili. Mkaza mjomba, mzaliwa wa Kibokoni ambaye ulimi wake haukupoa kwa baridi ya Ulaya, alizipokea habari hizo kwa neno moja: “Samaki watashukuru.”

Yeye ndiye aliyekuwa na shauri la nyumba, na nyumba ilikuwa na shida yake. Ili kupunguza bili ya gesi alikuwa ameshusha joto la vyumba hadi nyuzi 17. Tulikuwa tukila chakula cha jioni tumevaa makoti. Lakini kadiri sebule ilivyopoa ndivyo hodhi lilivyopoteza joto upesi na hita yake ikawaka muda mrefu zaidi. Alichokiokoa kwa gesi kikatokea upande wa umeme, uliokuwa na bei zaidi ya mara tatu ya gesi. “Samaki wamekaa Mombasa na sisi tumekaa Ulaya, nyumba moja,” alisema jioni moja, na hakuna aliyecheka.

Mjomba alinigeukia kutafuta wakili. “Hebu mwambie, mwanangu. Hizo karatasi za Muyaka wendazo kuzisoma, hazikuwekewa joto lake na unyevu wake? Nani alipa stima ile?”

“Chuo chalipa,” mkaza mjomba akajibu kabla sijafungua kinywa. “Hapa alipa nani?”

Nimehudhuria mijadala mingi ya uhakiki, na sikumbuki hoja iliyojibiwa kwa ufupi zaidi. Ni kweli kwamba mswada wa Mombasa unaendelea kusomeka ughaibuni kwa sababu kuna mashine zinazodhibiti hewa inayouzunguka, na mashine hizo zina mita. Ila swali la mkaza mjomba, yaani ni mfuko wa nani unaotoka, ndilo sisi wanafunzi wa fasihi hulikwepa tunapozungumza juu ya kuhifadhi urithi. Tunasema “uhifadhiwe,” kwa kauli ya kutendwa, na mtenda akabaki nje ya sentensi.

Katika wiki zilizofuata Mjomba alijaribu kila hila. Alizungushia hodhi mbao za povu gumu pande tatu. Akalifunika kwa kioo, kwa kuwa maji yanayogeuka mvuke huondoka na joto jingi. Taa akazipunguza hadi saa saba. Hita ikashuka hadi saa nane kwa siku, na matumizi yote yakawa uniti 200 kwa mwezi, paundi 68. Alijivunia namba hiyo kama mwanafunzi aliyepasi mtihani.

Kulikuwa pia na hofu ya giza. Mwezi Oktoba wasimamizi wa gridi ya taifa walikuwa wametangaza kwamba hali ikiharibika sana huenda umeme ukakatwa kwa zamu, saa tatu kila mara. Magazeti yalilia. Mimi, mtoto wa nchi ambayo kukatika kwa stima ni sehemu ya ratiba ya wiki, nilicheka moyoni. Mjomba hakucheka. Mkondo ukisimama, oksijeni hodhini hupungua kwa saa chache, na samaki hufa kabla ya matumbawe. Alinunua pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, akaiweka tayari juu ya kabati. Giza lile halikuja mwaka huo. Nililikumbuka tarehe 25 Agosti 2023, Kenya karibu nzima ilipokosa umeme usiku kucha, nikawaza ni hodhi gani lingepona.

Kilichomshinda hatimaye ni matumbawe yenyewe. Yale magumu, yenye matawi kama pembe, yalianza kufifia chini ya saa saba za mwanga. Kupauka kulekule kwa mwaka 1998, ingawa kwa sababu nyingine. Aprili 2024 wanasayansi walithibitisha kwamba bahari za dunia zimeingia katika tukio la nne la namna hiyo. Mjomba alinitumia habari hiyo bila kuongeza neno. Lakini Desemba ile ya 2022 alikuwa na njia mbili tu: kurudisha taa saa kumi, au kuyatoa. Alikaa mbele ya kioo siku mbili. Siku ya tatu akampigia simu mfugaji mwenzake aliyekuwa na mitambo ya jua juu ya paa.

Mtu huyo alikuja Jumamosi na masanduku ya povu gumu na chupa za maji ya moto za kushika joto njiani. Vipande ishirini na tatu vilitoka. Mkaza mjomba alimpikia mgeni pilau, naye ndiye aliyeshika tochi Mjomba alipokuwa akibandua kile kikubwa, cha zambarau, kilichokuwa na umri wa binti yao wa mwisho. Matumbawe laini, yasiyodai mwanga mwingi, yalihamishiwa hodhi dogo la lita 100 pamoja na samaki watatu. Vitatange vilikwenda na mgeni.

Hodhi dogo lilikula uniti mbili na nukta moja kwa siku. Paundi 21 kwa mwezi. Hesabu ilikuwa imekaa sawa, isipokuwa jambo moja ambalo Mjomba alilitaraji na mkewe hakulitaraji. Umeme wote uliokuwa ukiingia katika lile hodhi kubwa, uwe wa taa, wa pampu au wa hita, ulikuwa ukiishia kuwa joto ndani ya sebule, sawasawa na hita ndogo ya takriban wati 280 isiyozimwa kamwe. Jumatatu asubuhi kipimajoto cha ukutani kilisoma nyuzi 15. Mkaza mjomba alikitazama, akamtazama mumewe, akaenda kwenye swichi ya gesi na kuipandisha alama moja.