Ghala la Zamani Bado Lina Kazi

Mwezi huu naomba niongee juu ya nyumba. Si nyumba mpya, ni ile ya zamani ambayo tayari tuko nayo.

Kwa wasiolijua, upande wetu wa Kakuma kuna ghala refu la matofali ya saruji. Waliolijenga walimaliza kazi yao wakaondoka, likabaki la popo na vumbi. Mwaka 2025, pale misaada ilipopungua na hata chakula kikapunguzwa, tulielewa kwamba hakuna atakayekuja kutujengea. Basi kamati ikakaa. Wengine walisema tulivunje tugawane mabati. Wamama wa cherehani walilitaka, maana walikuwa wanashona chini ya turubai na mchanga unaingia kwenye mashine. Mimi nilikuwa na watoto wanaosoma chini ya mti. Kila mmoja alikuwa na haki yake, lakini nani angekaa mle ndani baada ya saa nne asubuhi? Lilikuwa tanuri.

Hapa Turkana joto la mchana mara nyingi hupita nyuzi 35. Bati likipigwa na jua linakuwa la moto kuliko hewa ya nje, halafu linashusha joto lile kwenye vichwa vya watu. Hewa ya moto nayo inapanda juu, na ikikosa tundu la kutokea inakaa pale pale. Kwa hiyo dawa haikuwa kuvunja ghala. Dawa ilikuwa kutengeneza paa na njia ya hewa.

Niliwasimulia wanakamati juu ya Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando, Burkina Faso. Alisomea ujenzi Ujerumani, na shule ya msingi aliyoichorea kijiji chao ilimalizika mwaka 2001. Aliweka dari ya matofali ya udongo yenye nafasi za kupitisha hewa, kisha akalinyanyua bati juu zaidi, upepo ukapita katikati. Mwaka 2022 alipewa Tuzo ya Pritzker, heshima kubwa sana kwa wachoraji wa majengo. Hata huku Turkana, kando ya ziwa, kuna jengo lake la vijana wanaosomea kompyuta. Lina minara ya kutolea hewa ya moto, aliyoiga kutoka kwa vichuguu vya mchwa. Nikasema, sisi pesa hatuna, lakini upepo hauuzwi.

Fundi wetu akaondoa tofali moja hapa na moja pale juu ya ukuta, bila kuyafuatanisha, ili ukuta usidhoofike. Chini ya bati tulifunga mikeka ya majani ya mkoma, tukaacha nafasi katikati ya kupitisha hewa. Sababu ya mikeka hiyo, ni marufuku kuwasha jiko ndani. Nje tuliweka kibaraza cha nguzo za mathenge. Maji ya kunawia mikono yanamwagiliwa miche ya mwarobaini upande wa magharibi. Baridi kama ya Goma hatukupata, tusidanganyane. Lakini saa sita mchana mtoto anaandika bila jasho kudondoka kwenye daftari.

Ratiba tumepangiwa na jua lenyewe. Asubuhi linapiga upande wa mashariki, basi watoto wanasomea chumba cha magharibi. Kuanzia saa nane linahamia magharibi, na wamama wanashonea chumba cha mashariki. Jioni watu wazima wanajifunza kusoma kwa taa ya sola. Katikati ni mahali pa watoto wachanga, wamama wanapokezana kuwalea. Msichana mmoja aliyeacha darasa la saba baada ya kujifungua amerudi. Mtoto wake analala ng'ambo ya ukuta, na mama anasoma hesabu. Kwangu mimi, hilo peke yake linatosha kusema tulifanya vizuri kutolivunja.

Najua kuna wazee ambao bado wamenuna kwa ajili ya mabati. Wazee wangu, kwa heshima zote, hebu tuhesabu. Tungegawana kwa kila familia, nyumba moja ingepata kipande kisichotosha kufunika jiko. Sasa hivi familia ile ile inatuma mtoto asubuhi, mama mchana, na baba jioni.

Kuna kazi imebaki. Ukuta wa magharibi bado haujapakwa chokaa, na miche bado ni midogo, haina kivuli. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali, tukutane pale. Chokaa ipo. Asiye na brashi aje na tambara na ndoo. Na tafadhali, mbuzi wafungwe siku hiyo, wameshakula miche miwili.

Ni mimi, mwalimu wenu wa kujitolea.